Sura ya Sita: Rabi wa Nabugoye na Wazee Wake

Sura iliyopita ilimwacha Semboja kwake Mazinde akiwa na bunduki, njia ya misafara ikipita mbele ya mlango wake, na damu ya Simba Mwene ikitembea mwilini mwake. Alichokosa ni kiti cha Vuga. Baba yake, Kimweri Zanyumbai, alifariki mwaka 1862, na kiti kikamwendea mjukuu, Shekulwavu, ambaye kwa Semboja alikuwa mtoto wa ndugu yake. Vita iliyofuata tumekwisha kuisimulia: Shekulwavu akatolewa Vuga, Wabondei wakawaasi Wakilindi, watu wakauzwa pwani kwa bunduki na baruti, na Semboja akamkalisha mwanawe kwenye kiti huku yeye akibaki tambarare, ambako biashara ilipita. Alikufa mwaka 1895. Mwaka huohuo Wajerumani wakamnyonga mwanawe Mputa. Nyumba ambayo nasaba yake ilijulikana na kila mtoto wa Usambaa iliangushwa na nasaba hiyohiyo, kwa kuwa wenye damu walikuwa wengi na kiti kilikuwa kimoja.

Sasa nataka nimtoe msomaji Mazinde, nimpeleke Mbale, mashariki mwa Uganda, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Huko kuna kilima kinaitwa Nabugoye, na juu yake kuna sinagogi. Kiongozi wake ni rabi Gershom Sizomu, na wazee waliomtangulia katika uongozi ule wamefuatana kwa miaka zaidi ya 100. Nawaleta hapa kwa sababu wanatupa aina nyingine ya ukoo, na kwa imani yangu ndiyo iliyo imara zaidi: ukoo wa waliofundishana.

Sisi wa Korogwe na Handeni hatuhitaji kufafanuliwa sana jambo hili. Mtu akijitambulisha kijijini huulizwa ni wa kwa nani, na jibu ni jina la baba, la babu, na la upande wa wajomba. Akiwa ni sheikh, huulizwa la pili: amesoma kwa nani? Hapo hutajwa mwalimu, na mwalimu wa mwalimu, na ijaza, yaani idhini ya kufundisha, aliyopewa. Watu wa tarika wanayo silsila yao, majina yanayopanda kutoka kwa khalifa wa leo hadi kwa Mtume, na wengi wa waliotajwa humo hawana udugu wa damu hata kidogo. Wayahudi nao wana mistari hiyo miwili. Ukuhani kwao ni wa damu: kuhani ni mzao wa Haruni kwa upande wa baba, awe amesoma au hakusoma. Urabi si wa damu. Rabi ni mwalimu wa sheria, na hupata haki ya kufundisha na kuamua kwa kusoma mbele ya waliosoma kabla yake, mpaka wamwidhinishe. Desturi yao inapandisha idhini hiyo hadi Musa alipomwekea Yoshua mikono. Mtoto wa rabi asiposoma hawi rabi, na mtoto wa mchungaji wa mbuzi akisoma anakuwa.

Wazee wa rabi wa Nabugoye hawakutoka Yerusalemu. Wa kwanza wao alikuwa jemadari wa Buganda.

Semei Kakungulu alizaliwa karibu mwaka 1869 huko Kooki, kusini magharibi mwa Buganda ya leo. Aliingia katika utumishi wa Kabaka Mwanga akiwa kijana, akapata sifa ya kuwinda tembo, akawa Mkristo wa Kiprotestanti, na katika vita vya dini vilivyoitikisa Buganda tangu 1888 akawa mmoja wa makamanda wenye nguvu kuliko wote. Msomaji wa Usambaa atakuwa amekwisha kumkumbuka Mbegha, mwindaji aliyeshuka kutoka milima ya Nguu na mbwa wake, akawagawia watu nyama ya nguruwe pori, mpaka wakampa nchi. Kakungulu naye alikuwa mwindaji na mgeni mwenye wafuasi, aliyekwenda kutafuta nchi mbali na kwao. Tofauti ni kwamba Mbegha alipewa nchi na wenyeji, naye Kakungulu alitarajia kupewa na Waingereza.

Aliwatumikia vizuri mno. Aprili 1899 alikuwa pamoja na kikosi kilichowakamata kule Lango wafalme wawili waliokuwa wakiipinga Uingereza, Kabalega wa Bunyoro na Mwanga mwenyewe, bwana wake wa zamani, wakapelekwa uhamishoni hadi Shelisheli. Kisha akaelekea mashariki, akajenga ngome na barabara, akaweka machifu wa Kiganda juu ya watu waliokuwa hawana machifu, na kutoza kodi. Watu wa nchi zile hawakumwomba aje, na utawala wake ulikuwa mzigo juu yao. Hilo lisisahaulike kwa sababu ya yale yaliyofuata. Yeye aliamini kwamba ameahidiwa kuwa kabaka wa nchi hizo, zilizoitwa Bukedi. Mwaka 1902 Waingereza wakamwondoa kwenye makao yake ya Budaka. Akapewa ardhi palipokuja kuwa mji wa Mbale, kisha akahamishiwa Jinja mwaka 1906 kuwa mkuu wa baraza la Busoga, na mwaka 1913 akarudi Mbale bila ufalme wowote, mtu wa makamo mwenye mashamba, ng'ombe na uchungu.

Wanahistoria wengi wanauanzia hapo mwelekeo wake mpya wa dini, na kuuona kama hasira ya mtu aliyenyimwa. Hasira ilikuwepo, lakini maelezo hayo ni mafupi mno kwa mtu aliyekuwa akisoma. Biblia nzima ya Kiganda ilikuwa imepatikana tangu 1896, na Kakungulu aliisoma kama jemadari anavyosoma amri, akitafuta kinachotakiwa kufanywa. Alijiunga kwanza na Wamalaki, kundi la Wakristo wa Kiganda waliojitenga na misheni, wakashika Jumamosi kuwa siku ya mapumziko na kukataa dawa za hospitali, hata chanjo. Serikali ilichukia sana. Kakungulu akazidi kusoma. Alipofika kwenye Mwanzo na kuona kwamba tohara ya Abrahamu ni agano la milele, akawauliza wenzake kwa nini hawaifuati. Wakamjibu kwamba hilo ni jambo la Wayahudi. Basi, akasema, sisi ni Wayahudi.

Mwaka 1919 alitahiriwa yeye na wanawe. Kwa msomaji wa Handeni, ambako jando ni sehemu ya kumlea kijana, huenda hili likaonekana jambo dogo. Halikuwa dogo. Waganda hawakuwa watu wa tohara. Katika jumba la Kabaka kutahiriwa kulikuwa ni mwiko, na miaka ya 1870 vijana waliosilimu waliuawa kwa amri ya Kabaka Mutesa, tohara ikiwa miongoni mwa sababu. Kinyume chake, Wagisu wanaoizunguka Mbale huwatahiri vijana wao hadharani katika sherehe ya imbalu, kijana akisimama wima bila kupepesa jicho. Jemadari wa Kiganda mwenye umri wa karibu miaka 50 akichukua kisu kwa sababu ya kitabu alikuwa amevunja mwiko wa kwao bila kuingia katika mila ya wenyeji. Alikuwa amejitengenezea mahali pa tatu. Akakaa Gangama, chini ya mlima, na wafuasi wake wakaitwa Abayudaya.

Inafaa hapa kukumbuka kwamba miaka 16 tu kabla ya hapo, mwaka 1903, serikali ya Uingereza ilikuwa imewapa viongozi wa Wayahudi wa Ulaya wazo la kuwahamishia watu wao Uasin Gishu, nchi iliyopo upande wa pili wa mpaka, ndani ya Kenya ya sasa. Mkutano wao mkuu ulilikataa wazo hilo mwaka 1905. Walizungumza juu ya nchi hiyo kana kwamba haina watu. Wakati huohuo, mwendo wa siku chache kutoka hapo, aliishi mtu ambaye angeufikia Uyahudi peke yake, bila kutumwa na yeyote.

Peke yake, lakini bila mwalimu. Miaka ya mwanzo ibada ya Abayudaya ilikuwa mchanganyiko: Jumamosi na tohara upande mmoja, sala za Kikristo na ubatizo upande mwingine, kwani hawakuwa na njia ya kujua mpaka upo wapi. Mwaka 1920 akafika kwao Myahudi mgeni ambaye kumbukumbu yao imemhifadhi kwa jina moja tu, Yosef. Alikaa nao kama miezi sita. Aliwafundisha kalenda ya sikukuu, baraka za chakula, namna ya kuchinja na nini kisiliwe, akawaonyesha kipi katika ibada yao si cha Kiyahudi. Ubatizo ukaachwa. Kakungulu akaanzisha shule ya kuwafundisha vijana yale waliyopokea kwa Yosef, na mwaka 1922 akachapisha kitabu cha Kiganda cha kurasa kama 90 chenye sala na mafungu ya Maandiko.

Kwa kipimo cha nasaba, Yosef ni mtu wa ajabu. Hakuacha mke wala mtoto pale, hakujenga nyumba, na jina la baba yake halijulikani. Bado kila rabi na kila mwanafunzi wa Nabugoye anamhesabu katika wazee wake, kwa sababu ya miezi sita ya masomo. Wanaume wangapi wa karne ile waliacha wana 20 na leo hakuna anayewataja?

Kakungulu alifariki Novemba 1928. Alikuwa na watoto, na kwa desturi ya Buganda ungemtazamia mrithi wa damu avikwe nguo ya gome na kukabidhiwa nyumba. Lakini uongozi wa dini ulikwenda kwa mwanafunzi, Samson Mugombe, aliyejulikana pia kwa jina la Israeli. Hapa ndipo naona tofauti kubwa na yaliyotokea Mazinde miaka 66 nyuma. Hakukuwa na bunduki wala njia ya misafara ya kugombea, bali vitabu vichache, kalenda, na kundi lililodhihakiwa na majirani kwa kumkataa Yesu. Baadhi walirudi Ukristo mara tu mzee alipozikwa. Waliobaki na Mugombe walijifungia, wakawaoza watoto wao wenyewe kwa wenyewe, wakaendelea kuhesabu sikukuu mwaka hadi mwaka bila kujua kama kuna Myahudi mwingine duniani anayewafahamu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mwisraeli mmoja aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Makerere, Arye Oded, alisikia habari zao akaenda Mbale. Mugombe akamsimulia habari za Kakungulu. Oded, ambaye baadaye alikuwa balozi, akaandika juu yao, na kwa maandishi yake wasomi wa Israeli na Marekani wakajua kwamba Uganda kuna watu wanaoshika Sabato. Idadi yao wakati huo ilifikia kama 3,000.

Januari 1971 Idi Amin alichukua nchi. Mwaka uliofuata akawafukuza Waisraeli, na ibada ya Kiyahudi ikapigwa marufuku. Masinagogi yakafungwa na mengine yakabomolewa. Mtu akikutwa na kitabu cha Kiebrania alikuwa hatarini. Wengi wakaingia kanisani au msikitini, na sidhani yeyote kati yetu ana haki ya kuwalaumu. Waliobaki hawakuzidi 300 hivi.

Katika hao 300 kulikuwa na nyumba ya Sizomu. Babu yake na baba yake walikuwa viongozi wa jumuiya, na Gershom alikuwa mtoto. Sabato inaweza kufichwa: unafunga mlango, unawasha mshumaa mahali usipoonekana, unasali kwa sauti ya chini. Pasaka nayo yaweza kuliwa chumbani. Sikukuu isiyofichika ni ile ya Vibanda, Sukoti. Sheria inataka kibanda kijengwe nje, chini ya mbingu, paa lake likiwa la matawi yaliyopangwa kwa nafasi, ili aliyekaa ndani aweze kuona nyota. Kwa siku saba familia hula humo. Kibanda cha namna hiyo uani kwa Myahudi, wakati wa Amin, kilikuwa ni kama kujishtaki mwenyewe. Baba yake Gershom alikijenga. Akakamatwa. Familia ilimtoa mikononi mwa askari kwa kutoa mbuzi.

Mtu huweza kumfundisha mwanawe sheria ya Sukoti kwa maneno, akamweleza vipimo vya kuta na aina za matawi, na mtoto akasahau. Mtoto aliyeona mbuzi wa kwao wakiswagwa kutoka zizini kumkomboa baba kwa sababu ya kibanda cha majani hawezi kusahau. Mara nyingi damu na mafundisho hutenganishwa katika vitabu kama hiki, nami nimevitenganisha mwanzoni mwa sura hii kwa ajili ya kueleweka. Katika nyumba ile vilikuwa vimesukwa pamoja. Baba alikuwa mzazi na mwalimu, na alifundisha kwa kukamatwa.

Mwisho wa Amin unatuhusu sisi Watanzania moja kwa moja. Oktoba 1978 majeshi yake yalivamia Kagera. Katika vijiji vya Korogwe na Handeni wapo wazee waliokwenda vita ile, na wapo ambao hawakurudi. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikawa mikononi mwa jeshi letu na wapiganaji wa Uganda waliokuwa pamoja nalo. Askari wa Tanzania waliokuwa wakiingia mjini hawangeweza kujua kwamba kwa kalenda ya Kiyahudi jioni ya siku hiyohiyo ndiyo ilikuwa ikiingia Pasaka, usiku ambao kila baba Myahudi hukaa mezani na wanawe kuwasimulia jinsi Waisraeli walivyotolewa utumwani Misri. Abayudaya hawajaacha kulisimulia hilo. Kwao, usiku ule hadithi ya Musa na habari ya redio vilikuwa kitu kimoja. Ningependa vijana wa kwetu walijue hili wanapopita mbele ya mzee aliyevaa medali ya Kagera.

Uhuru wa kuabudu uliwakuta wakiwa wachache na maskini. Miaka ya 1980 kundi la vijana, akiwemo Gershom Sizomu na Joab Jonadab Keki, lilianza kuishi pamoja kwenye kilima cha Nabugoye, kwa kuiga maisha ya kibutsi waliyokuwa wamesikia kwamba yapo Israeli. Walilima, wakasoma Kiebrania, na wakatunga nyimbo: zaburi kwa Kiganda, sala kwa Kiebrania, na tuni za kwao. Nyimbo hizo zilirekodiwa, na albamu yenye nyimbo hizo iliyotoka Marekani mwaka 2003 ikafika hadi kuteuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Keki aliwaunganisha pia wakulima wa kahawa wa Kiyahudi, Kikristo na Kiislamu katika ushirika wa Mirembe Kawomera, ulioanzishwa 2004.

Kisha kukawa na swali ambalo Kakungulu hakuulizwa. Je, hawa ni Wayahudi? Sheria ya marabi inasema Myahudi ni mtoto wa mama Myahudi, au mtu aliyeongoka mbele ya baraza la watu watatu. Abayudaya hawakuwa na la kwanza, na la pili hawakuwahi kulipata. Mwaka 2002 marabi kutoka Marekani na Israeli, wa tawi linaloitwa la Wahafidhina, walikwenda Uganda kuketi kama baraza. Watu kama 400 walipita mbele yao. Kila mmoja aliulizwa maswali juu ya imani na desturi, kisha akazama majini. Kwa wanaume waliokwisha kutahiriwa, sheria inataka tone moja la damu litolewe mahali pa tohara, liwe alama ya agano.

Wapo waliokataa. Walisema wamekuwa Wayahudi tangu 1919, wameteswa kwa ajili hiyo, hawaoni sababu ya kuanza upya kwa sababu ya wageni. Kijiji cha Putti kilichagua kuwafuata Waothodoksi badala yake. Nazielewa pande zote mbili, ila moyo wangu unaegemea kwa waliokubali, kwa sababu ya jambo moja la desturi hii. Mwongofu, anapoitwa kwa jina lake kusoma Torati, hatajwi kwa jina la baba aliyemzaa. Huitwa mwana wa Abrahamu. Sheria ileile inayoshika damu kwa ukali imeacha mlango kwa asiye na damu hiyo, na akiingia haketi karibu na mlango. Anawekwa juu kabisa, mtoto wa mzee wa kwanza.

Mwaka uliofuata Sizomu alikwenda Los Angeles kusoma katika shule ya marabi ya Ziegler. Alisoma miaka mitano, na Mei 2008 aliidhinishwa, mtu mweusi wa kwanza kutoka kusini mwa Sahara kuwa rabi kupitia shule ya Marekani. Uongozi wa kilima angeweza kuushika bila safari hiyo. Alikuwa mjukuu na mwana wa viongozi, na watu walimtaka. Lakini urithi huo ungeishia kilimani. Alichofuata Los Angeles ni ile idhini ya mwalimu kwa mwanafunzi ambayo Yosef hakuweza kuwapa katika miezi sita, na ambayo Mugombe alikufa bila kuipata.

Aliporudi Nabugoye hakuwa na haja tena ya kusubiri wageni waje na maarifa yote. Jumuiya ilijengewa sinagogi jipya, na shule yake ya sekondari ina jina la Semei Kakungulu, ikipokea Wayahudi, Wakristo na Waislamu. Mwaka 2016 wapiga kura wa Bungokho Kaskazini, ambao wengi wao si Wayahudi, walimchagua Sizomu kuwa mbunge kwa tiketi ya chama cha FDC. Kutambuliwa kwingine kumekuwa kugumu: mwaka 2018 wizara ya mambo ya ndani ya Israeli ilimkatalia kijana wa Abayudaya haki ya kuhamia huko kama Myahudi, ingawa Shirika la Kiyahudi lilikuwa limeitambua jumuiya yake miaka miwili kabla. Katika Usambaa ya Semboja tungesema Abayudaya wana kiti lakini wajomba hawajaja kuwatawaza, na tunajua kutokana na habari za Vuga kwamba bila wajomba mtu hatawali kwa amani.

Wakati suala hilo la kutambuliwa likiendelea, wanafunzi wamezidi kuja. Huko Kasuku, katika nyanda za juu za Nyandarua nchini Kenya, waumini waliotoka katika kanisa la Kimasihi walianza kusoma Torati kwa maswali yanayofanana na ya Kakungulu, wakapata habari za Abayudaya, na kutoka kwao wakajifunza sala, kalenda na kuchinja. Wapo waliovuka mpaka kwenda kusoma Mbale.